Siku Pikapu Yetu Ilipoumuka

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mwenyewe atatokea mtu wa kwetu awasimulie kwa namna yake na kuongeza chumvi: mimi ndiye niliyemmwagia mgeni wa serikali povu la pombe, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, na pombe yenyewe haikutoka kwenye chungu wala kibuyu, ilitoka kwenye rejeta ya gari. Sikuwa nimelewa. Sikuwa hata nimeonja. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe la Pasaka, viatu vya kuazima, na moyoni najua kabisa kwamba leo ndiyo siku watu watakayoacha kuniita Panki Ndoto na kuanza kuniita Dereva.

(Jina langu ni Pankrasi. Hiyo Ndoto waliniongezea wao.)

Kijiji chetu kilikuwa kipya miaka ile. Tulihamishiwa pale kutoka kwenye vitongoji vyetu vya vilimani, nyumba zikapangwa mistari miwili kando ya barabara kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha, katikati pakawa na ofisi ya kijiji, kiwanja na ghala, na nyuma ya ghala ndipo ilipokuwa pikapu. Waliiacha wajenzi wa barabara ilipowashinda, wakasema watarudi kuichukua, hawakurudi, ikawa ya kijiji kwa namna ile ambayo jiwe kubwa huwa la kijiji. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Boneti aliing'oa mama mmoja akawa anaanikia ulezi wake, na simlaumu, maana lile bati lilikuwa linashika jua vizuri na ulezi ulikauka juu yake upesi kuliko kwenye mkeka.

Mimi nilikuwa naipenda. Sijui nisemeje mnielewe. Shule niliishia darasa la nne, halafu nikapata bahati ya kuwa utingo kwenye lori la Mzee Salumu, mwenye duka na malori pale Sumbawanga mjini, tukawa tunabeba mahindi kutoka Laela, na kila dereva alipofungua boneti wenzangu walikwenda kutafuta chai, mimi nikabaki nimesimama. Moto unawaka ndani ya chuma, ubavuni mwake kuna maji, moto hauyamalizi maji wala maji hayauzimi moto, vinakaa majirani na kuelewana, na kwa kuelewana kwao magunia yote yale yanapanda mlima. Nilikuwa navua kofia. Kweli kabisa, navua kofia kama niko kanisani, mpaka dereva ananiuliza kama naumwa.

Lakini sikuamua kuifufua kwa mapenzi tu. Dada yangu Skola, mwaka uliotangulia, alibebwa kwa machela kwenda hospitali ya misheni, kule upande wa Kaengesa, wanaume tukipokezana, masika, tope hadi magotini, na ule mlima ulio mbele ya kijiji chetu unateleza kama sabuni. Nilikuwa mmoja wa wabebaji. Mtoto alizaliwa njiani, juu kabisa ya mlima, na hakukaa. Siongezi neno hapo. Skola aliishi miezi mingi bila kuutazama ule mlima, akienda kuchota maji anaupa mgongo. Kisha akapata ujauzito mwingine, na siku moja nimelala chali chini ya pikapu nafukuza panya, nikaona miguu yake imesimama pembeni, nikasikia sauti yake.

"Panki, safari hii sitaki kubebwa kama gunia. Nataka kukaa mbele."

Nikajibu atakaa mbele. Nilijibu haraka sana, kama mtu mwenye gari.

Sasa, habari za magari mabovu ya vijijini zilikuwa zimeshafika wilayani. Mwenyekiti wetu alirudi kutoka mkutanoni akatutangazia kwamba baada ya mavuno atapita mkaguzi, na gari lililokufa litafungwa kamba livutwe mpaka mjini likang'olewe vipuri, bali lile linaloweza kupanda mlima na kurudi lenyewe litaandikwa jina la kijiji na kupewa mgao wa petroli. Basi hapo ndipo lilipokuwa jambo lote. Pikapu ikipanda mlima, Skola anakaa mbele. Isipopanda, ile machela bado iko darini kwa Mwenyekiti, na mvua hazimsubiri mtu.

Fedha haikuwepo. Kijiji kilikuwa na fedha ya mbegu, na fedha ya mbegu haiguswi, hata mimi na ndoto zangu nililijua hilo. Nikaenda mjini kwa Mzee Salumu, nikamwamkia, nikamweleza, akacheka mpaka kofia yake ya kiua ikahama kichwani, halafu akanionyesha lori bovu lililokuwa nyuma ya duka lake, akasema chochote nitakachoweza kukifungua kwa mikono yangu ni changu, na mimi baada ya mavuno nije nimbebee magunia ghalani. Nikafungua kabureta. Nikafungua plagi. Akaniongezea na betri moja kuukuu iliyokuwa inashika umeme kama babu anavyoshika majina ya wajukuu, mara analikumbuka, mara limempotea. Nilipokuwa naondoka aliniita tena, akanipa siri ya madereva wa zamani: rejeta ikivuja na huna wa kuichomelea, tia unga wa ulezi, bakuli moja tu, moto utaupika uji na uji utaziba tundu. "Bakuli moja, kijana wangu," akarudia, "gari haliko kwenye arusi."

Vilivyobaki vilitoka kijijini, na hapa ndipo nilipoanza kuona mambo ya ajabu. Springi iliyovunjika tuliifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ngozi ikakauka juani ikabana kuliko chuma. Mkanda wa feni Skola aliusuka kwa ngozi hiyo hiyo, amekaa chini na tumbo lake, vidole vinakwenda kama anamsuka mtoto nywele. Tairi zilizokosa tyubu tulizijaza nyasi, watoto wakikanyagia kwa miguu. Breki tuliweka maji ya sabuni. Pini moja ya chini haikupatikana mahali popote, si kwa Mzee Salumu wala kwa mtu mwingine, ndipo mzee mmoja akaleta jembe la babu yake, chuma kilichoyeyushwa hapa hapa Ufipa kwenye yale matanuru marefu ya udongo ambayo magofu yake bado yamesimama porini, tukalitia moto, tukaligonga, likawa pini, ikaingia. Ikakaa kama imezaliwa mle. Nilikaa chini nikaitazama kwa muda mrefu. Chuma cha mababu zetu kimeshika mkono chuma cha Ulaya, na hakuna kati yao aliyeuliza mwenzake katoka wapi.

Siku ilipowaka mara ya kwanza sina maneno nayo. Nilizungusha hendeli mpaka mabega yakafa ganzi, na Mzee Didasi, jirani yetu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kunisema, alikuwa ameshaniuliza kama nasaga unga au natwanga maji. Halafu ikakohoa. Ikakohoa tena kama mtu anayetaka kusema jambo zito, ikatoa moshi, akatoka kuku mmoja ambaye hatukujua kama yumo, kisha ikanguruma. Akina mama wengine wakakimbia, wengine wakapiga ishara ya msalaba, na Mzee Didasi akatoa kiko mdomoni akakaa nacho mkononi bila kusema neno, jambo ambalo mkewe alisema hajaliona tangu waoane. Mimi nililia. Nilisema ni moshi.

Rejeta ilivuja, kama alivyotabiri Mzee Salumu. Nikaenda kwa mama kuomba unga, akanipa bakuli moja, lakini kwa manung'uniko, maana gari lile lilikuwa limeshakula kamba yake, sabuni yake na sufuria yake ndogo. Nikatia, nikawasha, na baada ya muda mfupi tone la mwisho likaning'inia, likafikiri, halafu halikuanguka. Mfuniko wa rejeta haukuwepo, kwa hiyo nikaziba kwa gunzi la mahindi lililoviringishiwa kitambaa, kama tunavyoziba vibuyu, nikalikaza kwa vipande vya mpira. Pale ubavuni kulikuwa na kabomba kembamba kanachochuruzika nako, nikadhani nako ni kovu la ajali, nikakaziba kwa sabuni. (Dereva yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Ngoja kwanza.)

Siku chache kabla ya mkaguzi nikaona unyevu kidogo chini ya rejeta. Kidogo tu, kama jasho la pua. Na hapa ndipo lilipokuja lile wazo dogo lililoniharibia jina. Nikajisemea, kama bakuli moja limefanya kazi hivi, mawili yatafanyaje? Na kwa nini nimsumbue mama tena? Yeye alikuwa shambani. Nikaingia jikoni, nikafunua chungu kilichokuwa pembeni, nikakuta unga mwekundu, laini, nikaunusa, una harufu tamu, nikasema mama huyu kumbe ananificha unga mzuri. Nikachota bakuli. Nikachota na la pili, kwa heshima ya mkaguzi.

Mtu wa kwetu anayesoma hapa ameshacheka, lakini kwa ajili ya wa mbali nieleze. Ule haukuwa unga wa ugali. Ulikuwa kimea. Ulezi unaloweshwa, unaachwa uchipue, unaanikwa, unasagwa, na ukitiwa kwenye uji vuguvugu uji wote unalainika na kuwa maji, kisha unaanza kuchemka wenyewe bila moto, na hiyo ndiyo pombe. Mama alikuwa anaandaa pombe ya kazi. Kwetu mtu mwenye kazi kubwa kuliko mikono yake hupika pombe ya ulezi, na watu huja kumsaidia, na sheria ni moja tu ambayo hakuna aliyeiandika: aliyeonja hakai kivulini mpaka kazi iishe. Mama alitaka watu waje kumpuria ulezi wake.

Nami nikakitia kimea chake kwenye rejeta yenye uji, nikawasha gari kidogo vikapashana joto, nikazima.

Halafu (jamani, mimi) nikaionea huruma. Ilikuwa miezi ya baridi, na baridi ya Ufipa mnaijua, asubuhi nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Nikawaza maji yakiganda mle ndani itakuwaje. Nikachukua blanketi langu nikaifunika rejeta, nikazungushia majani makavu, na kila jioni nikawa naweka kigae cha makaa chini yake, mbali kidogo, isiungue, ipate vuguvugu tu. Niliilea kama mwari. Skola alipita akaniambia nikioa nimtunze mke hivyo hivyo. Mara moja nilisikia sauti ndani yake, vup, vup, kama mtu anayecheka huku amefunga mdomo, nikaweka sikio, nikafurahi, nikasema pikapu yangu inaota.

Mkaguzi akaja. Mtu mrefu, mpole, suti ya Kaunda ya kijivu, miwani, masharubu yaliyokatwa vizuri, anaongea Kiswahili cha ofisini kilichonyooka mpaka ukajisikia unataka kusimama wima. Kijiji kizima kilikuwa kiwanjani. Skola alikuwa ameshakaa mbele, amejifunga kanga mpya, ameweka na kifurushi mapajani kama anayesafiri kweli, ingawa tulikuwa tumepanga kupanda mlima na kurudi tu. Nikazungusha hendeli, ikawaka mara moja, watu wakapiga makofi, mimi nikasimama kando yake kama bwana arusi.

Kwa kuwa boneti haikuwepo, mkaguzi aliinama moja kwa moja juu ya injini. Akatazama ule mkanda wa ngozi, akatazama ile springi, akawa anatikisa kichwa taratibu, na niliona kabisa ni kutikisa kwa mtu anayestaajabu, si anayedharau. Kisha akanyoosha kidole.

"Hili ni nini?"

"Gunzi, Ndugu."

"Gunzi la nini?"

"La mahindi, Ndugu."

Wakati huo mama, aliyekuwa nyuma na wenzake, aliinua pua juu akageuka huku na huku, akauliza kwa Kifipa ni nani kati yao aliyeacha pombe nyumbani, maana imeiva na inamwita. Wakatazamana. Na mimi nikasikia ile sauti, lakini sasa haikuwa kicheko, ilikuwa filimbi nyembamba inayopanda, inayopanda, na mkaguzi akainama zaidi ili aisikie vizuri.

Gunzi liliruka. Wapo wanaosema lilivuka paa la ghala, mimi sikuliona, kwa sababu nilikuwa naangalia kilicholifuata: nguzo ya povu la kahawia, nene kama paja, imesimama hewani juani kana kwamba ina mpango wa kukaa. Niwaambie ukweli wangu wa aibu, kwa muda ule mfupi niliona ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Kisha ikaanguka, na ikaanguka juu ya mkaguzi. Miwani, masharubu, suti, mpaka viatu. Injini ikalowa, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Kijiji nacho kikanyamaza. Na katika ukimya ule harufu ya pombe ya ulezi iliyoiva ikatembea kiwanjani pole pole, ikimsalimia kila mtu.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya kiwanja ilikuwa imeshindiliwa vizuri, tuliishindilia wenyewe.

Mzee Didasi ndiye aliyeanza. "Nimeona gari likimgonga mtu," akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Sijaona gari likimkaribisha mtu."

Hapo kicheko kikapasuka, na mimi nikasimama katikati yake na shati langu la Pasaka lenye madoa. Mama akaja, akapangusa povu kwenye rejeta kwa kidole, akanusa, akalitia ulimini, akanigeukia.

"Panki. Kimea changu."

Nikamweleza yote, chungu, mabakuli mawili, blanketi, makaa, na yeye akasikiliza mpaka mwisho, akasema tangu hajaolewa anapika pombe na hajawahi kuilea hivyo. Kisha akageuka, maana mkaguzi alikuwa amemwambia dereva wake alete kamba.

Hakusema kwa hasira. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alifuta miwani kwa leso akasema anasikitika, amri ni amri, gari halikupanda mlima. Kicheko kikakatika. Nikamtazama Skola. Hakushuka. Alikuwa amekaa vile vile, mikono juu ya kifurushi, anautazama mlima kupitia kioo kilichotapakaa povu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuutazama tangu mwaka ule. Angesema neno ningeweza kuvumilia.

Mama akamsogelea mkaguzi. Mama yangu ni mfupi, alimfikia kifuani.

"Mwanangu, umeonja."

Mkaguzi akauliza nini.

"Pombe. Iliyokuwa kwenye masharubu yako. Umepitisha ulimi, nimekuona, na hawa wote wamekuona. Ile ilikuwa pombe ya kazi, na kazi ya leo ni mlima ule."

Sijui kama mnaelewa ukubwa wa neno lile. Mtu wa serikali, na suti, na gari lake limesimama pale. Mwenyekiti alifunga macho. Mkaguzi alimtazama mama, akashika masharubu yake, bado yamelowa, na kitu fulani usoni mwake kikalegea, akajibu kwa Kifipa. Kifipa cha kule chini ziwani, cha upande wa Wampembe, kizito, chenye harufu ya dagaa. Akasema marehemu mama yake angemchapa kama angekataa. Akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha pembeni cha gari lake.

Basi Mzee Didasi akanyanyuka kwenye kigoda. Watu tulishangaa, kwa sababu yule mzee hanyanyuki. Akaja mpaka kwenye rejeta, akachovya ncha ya kidole, akalamba, akakunja uso, akasema ina kutu, halafu akakunja na mikono ya shati. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Mama alikuwa anapiga kelele wasimeze, waguse ulimi tu na kutema. Walijipanga mstari. Mwenyekiti, akina mama, vijana, yule mama aliyechukua boneti, kila mmoja anachovya, anagusa ulimi, anatema, anakwenda kushika gari. Hakuna aliyekuwa na kiu. Walikuwa wanajifunga kwa hiari yao, mmoja mmoja, ili pasiwe na mwenye ruhusa ya kubaki kivulini. Nami nikasimama na aibu yangu nikiwa nimevua kofia.

Ile kamba ya kuivutia pikapu mjini ndiyo tuliyoifunga mbele, wengine wakavuta, wengine tukasukuma. Skola alihamia kwenye usukani, tumbo limegusana nao. Nilisukuma nyuma, bega kwa bega na mkaguzi, na nusu ya mlima, huku anahema, aliniuliza kwa nini yule peke yake amekaa. Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu masika yale, machela, na pale juu tunapokwenda. Alisukuma, na nikaona shingo yake imetoka mishipa. Watu waliimba nyimbo za kupura ulezi, kwa sababu ndizo nyimbo za kazi tunazozijua, na pikapu ile, na nyasi zake tairini na jembe la babu ndani yake, ikapanda mlima juu ya mikono ya watu.

Juu kabisa tukaiwekea mawe. Skola akashuka, akatembea hatua chache kando ya barabara, akasimama pale anapopajua, nyasi zikiinama na upepo, na nyanda zote za Ufipa zimelala chini yetu rangi ya simba. Akakaa muda wake. Aliporudi aliniambia nioshe rejeta, tusije tukakutwa na giza.

Tukapanga mstari mpaka kwenye chemchemi, vibuyu vikapita mkono kwa mkono, maji yakaingia na kutoka, ya kahawia, ya njano, mpaka yakatoka meupe. Kale kabomba nikakazibua, maana dereva wa mkaguzi alikuwa ameshanieleza kuwa kazi yake ni kupumulia mvuke, kwa upole, kama unavyomweleza mtoto matumizi ya pua. Mama akafungua fundo la kanga yake. Kumbe alikuwa amerudi nyumbani kabla ya kutufuata. "Huu ni wa ugali," akasema, "nimeunusa mwenyewe," na akautia yeye, bakuli moja. Tukaondoa mawe, nikaweka gia, ikashuka, ikashtuka, ikawaka, na nikarudi kijijini nikiendesha, Skola kando yangu, mkaguzi na Mzee Didasi nyuma wameshikana mabega wasianguke.

Mkaguzi hakubadili amri. Alisema gari halijapanda lenyewe na hawezi kusema limepanda, ila njia yake ni ndefu na atapita tena kabla ya mvua, na mpaka hapo kamba aliiacha kwetu. Baadaye basi la kutoka mjini liliniletea kifurushi kidogo cha gazeti, ndani yake mfuniko wa rejeta, wa chuma, wa kweli. Aliporudi, pikapu ilimpandisha mlima ule yeye mwenyewe, akiwa amekaa mbele, amevaa suti ile ile. Madoa hayakutoka vizuri.

Ulezi wa mama niliupura peke yangu. Pombe ya kazi haikuwepo, na yeye hakuona sababu ya kumwita mtu mwingine.

Na mvua zilipoanza, asubuhi moja Skola alitoka nyumbani akiwa ameshika kiuno, akapanda, akakaa mbele. Tulipanda mlima mvua ikipiga bati, tope lile lile, mkono wake mmoja kwenye dashibodi, na juu kabisa hakugeuza uso. Tukafika kwa masista. Nikabaki nje chini ya baraza, nimelowa, nikisikiliza rejeta ikipoa, na mimi nilikuwa naamini kwamba sitasikia tena sauti kubwa kama ile ya injini siku ilipowaka mara ya kwanza. Halafu mtoto akalia mle ndani. Nikavua kofia.

Kwa hiyo mnapokutana na watu wa kwetu wakawauliza kama mnamjua dereva ambaye gari lake huiva, ni mimi, msibishe. Rejeta natia maji. Na unga, hata wa kunyunyizia mkate, hata kijiko, mpaka leo nagonga mlango, nasema hodi, naomba.